Fukusi Aliyechelewa Harusi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna tonge mdomoni? Mezeni kwanza. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale alikuwapo Fukusi. Mdudu mdogo, maringo makubwa. Alitoboa kokwa ya ubuyu jikoni kwa watu, akaingia, akahamia. Chumba kimoja, lakini chake! Na Ijumaa anaoa. Mchumba wake, Bi Kidoto, anakaa jikoni mle mle, kwenye gunia la mahindi.

Jumatano akaja mwenye nyumba, Bwana Faki, akachota ubuyu. Ubuyu unamung'unywa, kokwa inatemwa. Wewe wajua, mimi najua. Bwana Faki hana nafasi ya kutema, anapiga soga! Kokwa, soga, gulu! Kokwa, soga, gulu! Ya tatu ndiyo nyumba ya Fukusi.

"Jamani! Hata hodi hakuna?" Fukusi akapiga kelele. "Na haya meno, kazi yake kucheka tu?"

Mate yakamtelezesha. Ulimi ukamsukuma. Umio ukamkamua kwenda chini, kamua, sukuma, kamua, sukuma. Chubwi! Tumboni.

Tumbo likamsukasuka, churu, churu, churu. Maji makali, ukwaju si kitu! Pweza na muhogo wa mchana vikawa uji.

"Yeyusheni hao hao," akasema Fukusi, kifua mbele. "Kuta zangu ni za kokwa!"

Lango likafunguka, pyu! Akaingia utumbo mwembamba. Mrefu huo, kona juu ya kona. Nyongo ikamwagika kutoka kwenye ini, ikavunjavunja mafuta. Kuta zina vinyweleo, zinafyonza, fyo, fyo, fyo. Kila kilicho kitamu kinapelekwa kwenye damu.

Mara, kwi! Amekwama. Mnyoo mrefu amejikunja njiani.

"Nani anapita kwa sultani bila salamu?"

"Fukusi, bwana. Shikamoo. Nipishe, nina harusi."

"Hapapitwi! Mimi niliingia nikiwa yai, juu ya embe lisilooshwa. Faki anakula, nani ananenepa? Mimi! Nawe utabaki hapa, unikune mgongo."

Fukusi akahesabu siku. Ijumaa hiyo! Bi Kidoto ataolewa na nani, na mende? Akamtazama Mnyoo juu mpaka chini. Akaona: huyu anapenda sifa kuliko chakula.

"Maskini sultani," akasema.

"Maskini nani?"

"Mwili wote huo, umejibana kwenye utumbo mwembamba! Na mbele pale upo utumbo mpana. Ukumbi mtupu! Au unaogopa nyumba kubwa?"

"Niogope? Mimi?"

Mnyoo akajikunjua, nyaa, nyaa, nyaa. Akatangulia, shingo juu. Fukusi akafuata. Wakavuka mlango, wakaingia. Mpana kweli! Lakini kuta zinanyonya maji, uji unageuka udongo, na kilichobaki ni makapi.

"Chakula kiko wapi?" akauliza Mnyoo.

"Tumekiacha kwako, bwana."

Mnyoo akageuka arudi. Wapi! Mlango ule ni wa kuingia tu. Nyuma kuta zinasukuma. Mbele kuta zinafunguka. Ngurrr! Bwana Faki akaiacha soga katikati, akashika tumbo, akatimua mbio migombani.

Pu!

Jua la Ijumaa asubuhi likamkuta Mnyoo, likamkausha pale pale, usultani na yeye. Fukusi akatoka kwenye kokwa yake, mzima. Akatembea siku nzima. Ijumaa jioni, wageni wameshaanza kuaga, akatinga guniani, kifua mbele.

"Bibi harusi, nimefika!"

Bi Kidoto akaziba pua. "Najua, mume wangu. Nimekujua tangu ulipokuwa uani. Kaoge!"

Basi, wakubwa kwa wadogo: tunda lioshwe, tonge litafunwe, kokwa itemwe. Na ukialikwa mahali au usipoalikwa, usijifanye sultani wa tumbo la mwenzio.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kokwa mdomoni aiteme sasa hivi, niisikie ikianguka.