Mashavu ya Mwanvua

Masika huleta mvua na mbu kwa pamoja. Anayetaka mavuno haifukuzi mvua, hutafuta chandarua. Mwanvua wa Kalemie aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kuijua si kuikumbuka.

Miaka nenda, miaka rudi, alikausha samaki kwa moshi kando ya ziwa, na moshi ukamwachia makovu kwenye mapafu. Alikohoa, akahema, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba sasa alisali akiwa ameketi.

Dokta Blandine alimpima, akahakikisha si kifua kikuu, kisha akamweleza bila kumficha.

“Mama, uache moshi kwanza. Kovu halitatoka, lakini pembeni yake kuko uvimbe, na hii dawa ya homoni inaweza kuutuliza. Utapumua. Ila inaweza kupandisha sukari, kulegeza mifupa na kuvimbisha uso. Urudi nikupime, na usiiache mara moja.”

“Nipe, Dokta. Nataka nisimame mbele ya Mungu wangu.”

Dawa ikafanya kazi. Mwanvua akaanza kuanika dagaa juani, akapanda mlima wa kwao bila kupumzika, akasali amesimama. Mashavu nayo yakajaa kama maandazi. Kwa watu wa mtaa wake, shavu nono ndiyo afya yenyewe. Wapo hata wasichana wanaonunua vidonge vya jamii hiyo sokoni ili wanenepe tu! Basi majirani wakamvika kilemba cha ukoka.

“Mama Mwanvua, sasa ndio umepona!” alisema Maimouna, jirani yake.

Mwanvua akavimba kichwa pia. Mtu mwenye mashavu yale arudi kupimwa nini? Kiu ilipomkaba aliisingizia joto, akaituliza kwa chai yenye sukari tele.

Siku moja mumewe, Ramazani, aliona sisimizi wamejazana chooni, pale mkewe alipokojoa. Akamwita mkewe.

“Mke wangu, wale sisimizi hawafuati kitu kisicho na utamu. Twende kwa Dokta.”

Kweli, sukari ilikuwa imepanda vibaya. Mwanvua akalia.

“Basi naitupa hii dawa!”

“Mwili umeshaizoea; ukiitupa leo, utaanguka,” alisema Dokta Blandine. “Tutaipunguza polepole, na sukari tutaitibu. Lakini pumzi nayo inaweza kupungua kidogo. Uchague mwenyewe, Mama.”

Mwanvua akafuta machozi. Aliipenda pumzi yake, lakini maiti hapumui.

“Punguza, Dokta. Na safari hii nitarudi unipime.”

Mashavu yakanywea. Maimouna akamwonea huruma: “Mama, umekonda hivi!” Mwanvua akacheka, akaenda zake kupimwa. Alfajiri sasa husali rakaa ya kwanza amesimama na ya pili ameketi, na hushukuru kwa zote mbili, kwani hakuna masika yasiyo na mbu.