Puli Yenye Alama Nyeupe

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba kinachomdhuru mtu aghalabu hakitoki mbali. Kimo mwilini mwake, karibu na ngozi, kama chawa kwenye mshono wa shati. Ubaya ni kwamba watu wameigeuza methali hii kuwa rungu. Mtu akipotewa na kitu, hata hajainama kutazama mvunguni mwa kitanda, tayari ameitamka huku anamkodolea macho shemeji yake. Fundi mmoja aliitamka namna hiyo hiyo, kwa sauti kubwa, mbele za watu.

Fundi huyo walimwita Cheche. Alibandikwa jina hilo tangu usichana wake kwa sababu mbili: alikuwa hodari wa mambo ya moto wa injini, na hasira zake hazikuhitaji kiberiti. Karakana yake ilikuwa na milango miwili ya bati, sakafu ya saruji iliyokolea oili, na ukuta uliochorwa umbo la kila spana ili ijulikane mara moja ni ipi haijarudi. Mumewe alikuwa dereva wa mashindano ya magari ya kupanda mlima. Mtu wao wa tatu alikuwa Mjomba, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake Cheche. Mjomba ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kazi wakati alipokuwa hajui bisibisi inashikwa upande gani.

Jumapili moja palikuwa na mashindano makubwa. Mwenyekiti wa klabu ya magari alikuwa ametoa ahadi: gari la Cheche likifanya vizuri, magari yote ya klabu yangehamia karakana yake kwa matengenezo. Kwa hiyo wiki nzima walikuwa wameinamia injini moja, na wiki nzima walikuwa wakibishana kuhusu kitu kimoja, distributa.

Distributa ndiyo inayogawa moto kwa plagi, kila silinda kwa zamu na wakati wake, ule ambao mafundi huuita taimingi. Moto ukiwaka mapema kidogo, kabla pistoni haijafika juu, injini hupata nguvu. Ukiwaka mapema kupita kiasi, mlipuko huikuta pistoni ingali inapanda, na hapo hupigana vichwa kama mafahali wawili. Distributa ya zamani ya gari lile ilikuwa ya platini, na mhimili wake ulikuwa umelegea hata ukawa unacheza. Cheche alichagua mpya, ya sumaku, kisha akaifungia springi laini ili moto utangulie haraka injini inapochanganya.

“Mpwa wangu, springi hizi laini kama nywele za mtoto mchanga,” Mjomba alisema. “Weka ngumu, halafu rudisha taimingi nyuma kidogo. Utaniambia.”

“Mjomba, hayo yalikuwa ya injini za enzi zenu.”

“Kwani enzi zetu pistoni zilikuwa zinashuka kwanza ndiyo zipande?”

Wakacheka wote, lakini Cheche hakubadili springi. Na Mjomba naye hakuacha kunung'unika; kila alipopita karibu na gari aliguna kama mtu aliyeona mchele umetiwa chumvi mara mbili.

Jumamosi jioni Cheche aliiwasha injini na kuimulika puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, kwa taa ya taimingi. Taa hiyo hutoa mmweko kila plagi inapopata moto, na alama iliyo kwenye puli huonekana kama imesimama tuli. Alama hiyo alikuwa ameipaka mwenyewe kwa rangi nyeupe. Akaizungusha distributa taratibu mpaka alama ikasimama kwenye digrii thelathini na mbili, yaani moto unatangulia kwa kiasi hicho kabla pistoni haijafika juu, akakaza bolti, akapangusa mikono. Mumewe akalichukua gari kulijaribu. Alipanda nalo barabara ya mlimani na kushuka nalo mbiombio, akikanyaga mafuta na kuyaachia ghafla, akarudi meno yote nje. Walipoondoka, Mjomba ndiye aliyebaki nyuma kufunga milango. Ufunguo ulikuwa kwake.

Asubuhi ya mashindano Mwenyekiti alifika na madereva wawili kulitazama gari. Cheche akataka kuwaonyesha kazi safi. Akaiwasha injini, akamulika puli.

Alama ilikuwa kwenye ishirini na sita.

Alifumba macho, akafumbua, akamulika tena. Ishirini na sita. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri, kama alivyoikaza mwenyewe. Taimingi ilikuwa imerudishwa nyuma, vile vile hasa Mjomba alivyokuwa akihubiri wiki nzima.

“Nani ameigusa hii?” aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

“Kuigusa nini?” Mjomba aliuliza.

“Mjomba, jana niliiacha thelathini na mbili. Wewe ndiye uliyefunga milango.”

“Nimefunga milango, ndiyo. Distributa sijaigusa.”

“Nani mwingine alitaka irudi nyuma? Si ungeniambia tu, badala ya kuninyemelea?”

“Cheche,” mumewe alisema taratibu, “huyo ni mjomba wako.”

“Ndiyo maana!” Hasira ilikuwa imeshawaka na ulimi hauna mfupa. Akawageukia Mwenyekiti na wale madereva kama mtu aliye mahakamani. “Mnaona wenyewe. Adui hatoki nje. Kikulacho ki nguoni mwako!”

Mjomba aliitazama mikono yake, akaigeuzageuza, utadhani naye alitaka kuhakikisha. Kisha akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya kazi na kutoka. Mwenyekiti alikohoa na kuangalia pembeni. Kwa Cheche, kuondoka kule kulikuwa ushahidi tosha. Akalegeza bolti, akaisogeza distributa mbele hadi alama ikarudi thelathini na mbili, akakaza kwa nguvu.

Mlimani, kabla zamu yao haijafika, mumewe alitoa kichwa dirishani.

“Inagonga kidogo, mke wangu. Nasikia kama changarawe ndani ya kopo.”

“Petroli ya leo mbovu. Nenda, utachelewa.”

Siku nyingine angefungua boneti hapo hapo. Siku ile masikio yake yalikuwa yamejaa ugomvi. Gari liliruka mstarini vizuri, likakata kona ya kwanza watu wakishangilia. Kwenye kona ya pili mlio ukawa mkali. Ya tatu Cheche hakuiona, aliisikia tu: kishindo kimoja kikavu, kisha moshi mweupe ukatanda juu ya barabara.

Cheche alikimbia huku anapiga mayowe. Alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa barabara, mzima, anahangaika kuvua kofia ya chuma. Oili ilikuwa imetiririka kama damu ya mnyama aliyechinjwa. Mwenyekiti alikuja, akatazama, akaondoka bila kusema lolote kuhusu ahadi yake. Hakukuwa na haja ya kusema.

Jumatatu wakaifungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Cheche aliishika, akaigeuza kwenye mwanga. Hiyo ilikuwa kazi ya moto uliotangulia mno, na taa ilikuwa imemwambia moto haukutangulia kupita kiasi. Akaamini bado kuna mkono wa mtu. Akataka ushahidi wa kumpelekea Mwenyekiti, naye angeupata kwa kupima kila kitu upya.

Akairudisha bloku ya injini mezani na pistoni nzima ya kwanza ndani yake, akasimamisha bisibisi ndefu juu ya pistoni hiyo, mumewe akazungusha krenki, mhimili unaosukuma pistoni, polepole kwa spana. Pistoni ikipanda, bisibisi hupanda nayo. Ikifika juu kabisa, bisibisi husimama, na hapo alama nyeupe inapaswa kuwa kwenye sifuri.

“Simama!” Cheche alisema. “Alama imefika sifuri.”

Lakini bisibisi haikuwa imefika juu. Mumewe alipoongeza kidogo tu, ilizidi kupanda, na alama ikaipita sifuri na kwenda zake.

“Rudia.”

Wakarudia. Bisibisi ikapanda tena baada ya alama kupita. Walirudia tena na tena, na kila mara ikawa vile vile. Cheche akapiga magoti kuitazama puli. Puli ile ilikuwa na duara mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake ukanda wa mpira unaozishikanisha. Mpira ulikuwa umechanika, umetokeza nje kama ulimi. Duara ya nje, yenye alama, ilikuwa imeteleza mbele ya ile ya ndani.

“Jumamosi,” mumewe alinong'ona. “Nilipokuwa nashuka mlimani, naachia mafuta ghafla. Itakuwa ndipo ilipoteleza.”

Cheche akaelewa. Basi Jumapili asubuhi distributa ilikuwa pale pale alipoiacha. Hakuna aliyeigusa. Ni alama iliyokuwa imehama, na yeye, kwa kuifuata alama, ndiye aliyeusukuma moto mbele kwa mkono wake mpaka ukatoboa pistoni. Puli ile aliitoa mwenyewe kwenye injini kuukuu. Aliisugua mwenyewe na kuipaka rangi mwenyewe, akaiamini kuliko mtu aliyemfundisha kazi.

“Yarabi, nimefanya nini,” alisema, akakaa chini kwenye saruji.

Jioni ile alikwenda chumbani kwa Mjomba, mtaa wa pili, puli ikiwa kwapani. Alimkuta amekaa kitandani, viatu vya kazi miguuni, kama aliyekuwa anajiandaa kutoka akakosa pa kwenda.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba,” Mjomba aliitikia.

Cheche alipiga magoti, akamwonyesha mpira, akamweleza yote bila kujitetea. Mjomba alipitisha kidole kwenye ufa, macho yakamtoka.

“Lo! Hii hata mimi nisingeiona,” alisema. “Ningelaumu zile springi zako mpaka naingia kaburini. Kumbe tulikuwa tunagombana bure.” Karibu acheke, lakini kicheko hakikutoka.

“Nisamehe, Mjomba. Kesho nitawaambia wote, Mwenyekiti, madereva, kila mtu.”

“Nimekusamehe, mpwa wangu. Wewe ni damu yangu, nitakupeleka wapi?” Akamrudishia puli. “Lakini sikiliza. Injini utafunga nyingine, pistoni zipo madukani. Mimi jana nimetoka kwako jina limechafuka, na leo nimekwenda kuomba kazi karakana ya kule chini, wameniambia mafundi wanawatosha. Walikuwa wameshasikia. Hilo neno ulilolitoa, utalikimbiza kwa gari gani ulikamate?”

Machozi yalimtiririka Cheche hadi kidevuni na hakuyafuta.

Kesho yake alizunguka mitaa yote na puli mkononi, akawaeleza watu mmoja mmoja. Wengine walielewa. Wengine waliitikia kwa kichwa, na alipogeuka akawasikia wakisema kwamba damu nzito, anamfichia mjomba wake aibu. Alisimama njiani kama aliyepigwa kofi. Nguo za Mjomba alikuwa amezipekua hadharani, na mdudu muda wote alikuwa kwenye mshono wa nguo yake mwenyewe, naye ndiye aliyempaka rangi nyeupe ili amwone vizuri, na bado hakumwona. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.