Joho Lililokataa Kufungika

Hapo zamani, kabla binadamu hajajua kuvuta tumbo ndani apitapo mbele ya watu, palikuwa na Sultani Muhsini aliyeapa kuwa na umbo kamili kuliko viumbe wote. Akaamuru mji mzima, yeye akiwa wa kwanza, ule mchicha wa kuchemsha tu. Pilau ikabaki chakula cha wageni. Basi akashonewa joho la zari na Kingaru, fundi fukara aliyejisifu kuwa sindano yake yaona kuliko macho ya kadhi.

Ikawa kila Ijumaa joho lambana zaidi, hata siku moja likakataa kufungika.

"Yuko mwizi aniibiaye kitambaa!" akanguruma Sultani. "Kingaru, kesho nataka mwizi huyo aketi mbele ya baraza hili, kila mtu amwone. La sivyo, mkono wako wa kushonea utakatwa."

"Mkono huu, Seyidi? Dunia nzima itatembea uchi!" akajibu Kingaru.

Akakagua mshono, uzi ulikuwa wake uleule, haujaguswa. Akawaza: joho halikupungua, basi kuna kilichoongezeka. Akanyemelea jikoni, akapaka manjano na samli chini ya kishikio cha kifuniko cha sufuria ya wageni. Kisha, ili kuhakikisha mtego ni mzuri, akafunua mwenyewe, akaonja. Akahakikisha tena na tena.

Kesho yake baraza likajaa, wote wamesimama, maana mbele ya Sultani haketi mtu. Kingaru akaingia peke yake.

"Mwizi yuko wapi?"

"Seyidi, uliamuru aketi mbele ya baraza. Ameketi."

Watu wakatazamana. Aliyeketi alikuwa mmoja tu. Sultani akaficha mikono, lakini vidole vilikwisha kuonekana, manjano tupu kama vya bibi harusi aliyetoka kusingwa.

"Na wewe je, mlaanifu? Mbona vyako manjano hadi kiwiko?"

"Mimi, Seyidi, niliingia kupeleleza, pilau ndiyo iliyonikamata. Tena mimi sikudai umbo kamili. Nitazame: miguu ya korongo, tumbo la mjamzito, na bado mke wangu hunifungia mlango nisije nikaibwa!"

Sultani akataka kukasirika, cheko likamtangulia. Akacheka hata joho likapasuka kwapani.

"Fundi, lipanue."

"Kwa kiasi gani, Seyidi?"

"Utapima baada ya chakula," akasema, akapiga makofi pilau iletwe.

Na kama yupo aliyekonda mji ule tangu siku hiyo, basi habari zake hazijanifikia.