Mkono Ndani ya Gitaa la Mzee Chilongani

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, useme hili halitoki kwako. Umeapa? Vizuri. Hata dada yake Mzee Chilongani aliniapisha hivyohivyo jana asubuhi, na wewe ni wa nne kusikia.

Mzee Chilongani wa Dodoma alikuwa na gitaa kavu la mbao, alilopigia harusi miaka arobaini. Kiharusi kikamchukulia mkono wa kushoto. Mjukuu wake alipokuwa anaolewa Tanga, mzee akatangaza mbele ya ukoo: "Hewa ya kule ina maji. Mbao huvimba, gundi huachia. Atakayelifikisha zima, ni lake."

Wakajitokeza watatu: Nyemo, binti yake, mjuzi wa jiko; Ndahani, mwanawe, seremala; na Makasi, mkwewe, asiye na ufundi wowote ila kuvumilia.

Nyemo akakaanga mchele bila mafuta, akautia kwenye soksi safi, akauning'iniza ndani ya tundu la gitaa. "Utakunywa unyevu wote, baba."

Ndahani akalegeza nyuzi zisivute mbao, akalizungushia gitaa blanketi, juu yake nailoni. "Joto lisiliingie ghafla, baba."

Mvua ikawakuta Chalinze, na paa la basi likivuja juu ya kiti chao. Makasi akavua koti akalifunika gitaa, akaliinamia saa tano nzima, maji yakimtiririka shingoni.

"Shemeji, unapika supu?" Ndahani akamtania.

"Supu ndiyo mimi," akajibu, meno yakigongana.

Mzee alikuwa kiti cha nyuma, mkono umemlalia mapajani kama si wake. Kulipiga gitaa hakuweza tena, na neno lilishamtoka mbele ya ukoo. Kila walipogeuka kumwambia, "Baba, liko salama," aligeuzia uso dirishani.

Tanga, asubuhi ya harusi, Ndahani akalifungua. Halina ufa. Akaligonga kwa kidole, likaitika safi.

"Bila mchele wangu lingevimba," akasema Nyemo.

"Bila mimi nyuzi zingelibandua," akajibu Ndahani.

Makasi akapiga chafya tu. Wakakubaliana mzee aamue baada ya chai.

Chai ikaja, mzee hayupo. Mpishi akafungua stoo kuchukua sinia, wakwe na wapambe wakiwa nyuma yake, na wote wakaona. Mzee Chilongani kachuchumaa, soksi ya mchele kaitupa sakafuni, mkono wake wa kulia, ule mzima, umezama ndani ya gitaa, na kitambaa kinachochuruzika maji kiko kiganjani. Nyuzi zilikuwa zimemnasa kifundo cha mkono, na mkono wa pili wa kujinasua hana.

"Baba," akasema Nyemo polepole.

"Likipasuka, hakuna aliyelifikisha," akajibu mzee, macho chini. "Nilidhani nitaweza kuliacha."

Gitaa lilikuwa bado zima. Haya, sema upesi, maana maji yanadondoka: apewe aliyeweka mchele, aliyelegeza nyuzi, aliyelowa, au mzee aachiwe lake? Wewe ungemtoa mkono huo umpe nani gitaa?