Kiti cha Aliyetoa Mara ya Kwanza

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na wale mlioko nje kwenye turubai sogeeni kidogo mpate kusikia. Kabla sijasema lile ninalotaka kusema leo, nitawapa mfano.

Alikuwako mama mmoja katika mji mdogo wa nchi kavu kama hii yetu, mji wa mtama na zabibu. Tumwite Damari. Mama huyu alikuwa mlezi wa nyumba ya ngoma. Msinielewe vibaya, haikuwa nyumba ya pombe. Ilikuwa nyumba ambamo watoto wa mji walifundishwa muziki wa babu zao. Vijana walijifunza kutengeneza zeze na kulipiga, na mabinti walijifunza zile ngoma za akina mama, ambazo mwanamke huzibana katikati ya magoti akiwa amesimama, akapiga mpaka vumbi linainuka. Walimu wao walikuwa wazee. Na wazee, mnajua wenyewe, hawakai. Kila alipozikwa mmoja wao, nyimbo zake zilizikwa naye. Ndiyo maana Damari alikuwa mtu wa haraka siku zote, kama mwanamke aliyeacha chungu motoni.

Nyumba ile haikuwa na shamba wala duka. Iliishi kwa mikono ya watu, na mkono mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga. Bati za paa zilitoka kwake. Unga wa uji wa watoto ulitoka kwake. Kwa hiyo kila mwaka, mtama ukishaingia ghalani, nyumba ilifanya siku ya shukrani, na mbele kabisa kiliwekwa kiti kimoja chenye mto, cha mzee wa mashine. Watoto walimwimbia, akina mama wakampigia vigelegele, naye akaitikia kwa kuinua fimbo yake. Ilikuwa haki yake. Nani hapa atasema haikuwa haki yake?

Sasa mwaka mmoja ngozi za ngoma zilichakaa. Nyingine zilipasuka, nyingine zikalegea hata ukipiga unasikia kama mtu anayekung'uta godoro. Damari aliona haya kumwendea tena mzee wa mashine, maana alikuwa ametoka kumwendea juzijuzi. Akawachukua mabinti na ngoma zao mbovu akaenda nao mnadani, siku ya kuuzwa ng'ombe, akawaambia waimbe tu kama wanavyoimba nyumbani. Wakaimba wimbo wa kupura mtama. Watu wakasimama kutazama, wengine wakacheka zile ngoma, kisha wakaendelea na mambo yao. Damari alirudi nyumbani akidhani safari ile haikuzaa kitu.

Lakini haikupita juma, wakaanza kuja watu ambao hawajawahi kukanyaga pale. Fundi cherehani mmoja alileta vitambaa vya kushonea mavazi ya kuchezea. Mkulima mmoja akaleta vibuyu vizuri vya kutengenezea mazeze. Na mwenye bucha ya pale stendi akaja na baiskeli, nyuma amefunga ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa na kutiwa chumvi. Akaishusha mlangoni, akasema, hii ni ya ngoma, akaondoka hata kabla hajakaribishwa maji.

Siku ya shukrani ilipokaribia, Damari aliiambia kamati yake kwamba mwaka huu angependa viti vya mbele wakae wale waliotoa kwa mara ya kwanza. Katibu wa kamati alikuwa mtu mwema, mtumishi wa siku nyingi wa nyumba ile. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Mama, huyu wa bucha katoa mara moja. Pengine ngozi ilikosa mnunuzi. Tungoje. Akirudi mwakani, hapo ndipo tutamshukuru.”

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Wakaongeza kwamba mzee wa mashine asije akaona amewekwa kando, maana akinuna yeye, uji wa watoto utatoka wapi? Hata Damari mwenyewe alijikuta akitikisa kichwa. Maneno yale yalikuwa na sura ya busara. Ni alipokuwa njiani kurudi kwake ndipo yalipoanza kumkera, kama mchanga ndani ya kiatu. Atarudije mtu mahali ambapo hakuna aliyemwona alipokuja?

Ninyi ni wakulima. Nani kati yenu hupanda mche wa mwembe akasema, huu nitaumwagilia nikishaona umezaa?

Kesho yake Damari akaenda bucha. Alimkuta mwenye bucha akinoa visu, na yule bwana alipomwona akafikiri amekuja kununua nyama, akamuuliza anataka mfupa au steki. Damari akamwambia hakuja kununua, amekuja kushukuru. Yule bwana akaacha kunoa. Akatazama chini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Polepole akaeleza. Marehemu mama yake alikuwa mpiga ngoma. Wakati wa kupura mtama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na ule wimbo ulioimbwa mnadani ulikuwa wake, alikuwa hajausikia tangu walipomzika. Miaka yote alikuwa akipita mbele ya nyumba ya ngoma na baiskeli yake. Alikuwa akipunguza mwendo asikilize, kisha akaenda zake.

“Kwa nini hukuingia, baba?” Damari akamuuliza.

“Nilijua ni pa watu wenye uwezo wa kusaidia,” akasema. “Sikujua kama ngozi ya ng'ombe mmoja nayo inaitwa msaada.”

Damari akamkaribisha kwenye siku ya shukrani. Yule bwana akakataa, akasema hana nguo za kukaa na watu wale. Damari hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba ngoma ya kwanza kuwambwa kwa ngozi yake itapigwa siku hiyo, na kwamba mabinti wangependa kujua jina la mama yake, ili wauimbe wimbo ule wakimtaja mwenyewe. Yule bwana akalitaja. Akalitaja taratibu, kama mtu anayefungua sanduku lililofungwa siku nyingi.

Siku ikafika. Damari hakuiambia kamati kitu. Aliamka mapema akapanga viti mwenyewe, na mbele akaweka cha fundi cherehani, cha mkulima wa vibuyu, na kile chenye mto akakiacha wazi. Mwenye bucha alikuja. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa, akasimama kule nyuma karibu na masufuria ya mlenda. Damari akamfuata, akamshika mkono, akamleta mpaka mbele, akamkalisha kwenye kile kiti.

Hapo ndipo mzee wa mashine alipoingia.

Mzee akasimama na fimbo yake, akatazama kiti chake, akamtazama aliyekalia. Katibu akatoka mbio kwenda mbele, akamwinamia mwenye bucha sikioni, na wote wakaelewa anachomwambia, maana yule bwana alianza kuinuka, uso umemshuka, akitafuta kwa macho njia ya kutokea. Damari alijiambia kwamba leo ameua nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee wa mashine akanyoosha fimbo, akaiweka mbele ya mwenye bucha kama mtu anayefunga njia.

“Kaa, mwanangu,” akasema. Kisha akawageukia wengine. “Mwaka nilipotoa mara ya kwanza tulitoa watu watatu. Mimi nilileta debe la mtama. Seremala mmoja alileta mlango, huo hapo mnaopitia. Na mama mmoja mfinyanzi alituma mtungi. Hakuna aliyetuambia neno. Mimi nina kichwa kigumu, nikarudi. Wenzangu hawakurudi. Mnafikiri wao walikuwa na mioyo midogo kuliko mimi?”

Mzee akavuta benchi la safu ya nyuma, akakaa na wapishi, akaagiza ngoma zianze.

Zikaanza, ndugu zangu. Ngozi ile mpya ililia hata watoto wachanga mgongoni wakaamka. Mabinti wakauanzisha wimbo wa kupura, wakamtaja mama wa mwenye bucha kwa jina lake, na yule bwana mkubwa wa visu na shoka alikaa kwenye kiti chenye mto, machozi yanamtiririka na meno yote yako nje kwa kicheko. Mzee wa mashine alicheza mpaka fimbo ikamponyoka. Watu walikula wakashiba. Ilikuwa furaha.

Lakini Damari hakuweza kumaliza chakula chake. Maana mwaka ule wa wale watu watatu, mlezi wa nyumba alikuwa nani? Alikuwa yeye. Ni yeye aliyepokea lile debe, ule mlango na ule mtungi. Alikuwa na haraka ya kuokoa nyimbo, akavipokea kama mtu anavyopokea mvua.

Asubuhi iliyofuata akaenda kwa mzee wa mashine kuuliza habari za wale wawili. Seremala alikuwa amekwisha kuhama, hakuna ajuaye alikoelekea. Lakini mfinyanzi yuko, akaambiwa, yuko kule kwenye udongo mwekundu, nyuma ya kilima, na bado anafinyanga.

Damari akaenda kwa miguu. Alimkuta bibi kizee ameketi kivulini pa nyumba yake, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni. Akamwamkia, bibi akaitikia marahaba na kumwonyesha kigoda. Damari akaketi. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno mengi. Akasema tu kwamba ametoka nyumba ya ngoma, na amekuja kushukuru kwa ule mtungi.

Bibi akafuta mikono kwenye kanga yake. Damari alikuwa amejiandaa kwa lawama, na ilikuwa haki yake kulaumiwa. Lakini bibi hakulaumu. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeliweka swali hilo moyoni miaka yote:

“Kumbe ulifika?”

Mnasikia, ndugu zangu? Yule bibi aliupakiza mtungi wake kwenye gari la ng'ombe la jirani, na tangu siku ile hakujua kama ulifika au ulivunjika njiani. Alifikiri ulivunjika. Akaona haya kuuliza. Na mtungi uko palepale, kwenye kona ya nyumba ya ngoma, na kila mtoto aliyejifunza kuimba pale alikunywa maji yake. Sauti zote zile zililoweshwa na mtungi wa bibi, naye akafinyanga miaka yote akidhani zawadi yake ni vigae vilivyolala barabarani.

Damari akamweleza hayo yote. Bibi akacheka, akacheka sana, akamwita mjukuu wake aje asikie. Juma lile lile akapanda kilima na kushuka, akaja kuuona mtungi wake. Na hakuja mikono mitupu.

Sasa turudi kwetu sisi. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kutoa malimbuko. Mtama wa kwanza, yai la kwanza, kibaba cha kwanza tunakileta hapa mbele. Lakini nani alitufundisha kupokea malimbuko ya mwenzetu? Binti anayeimba peke yake kwa mara ya kwanza leo, anatetemeka, sisi tunasema tungoje tuone kama ataendelea. Kijana aliyefagia ua huu jana bila kutumwa, tunasema nguvu ya soda hiyo. Mgeni aliyeketi mwisho wa benchi, tunasema akija tena tutamsalimia. Tunaweka mto kwenye kiti cha yule ambaye hata tukimkalisha chini atarudi, na yule ambaye neno moja tu lingemrudisha tunamwacha aende zake nyuma ya kilima.

Mungu wetu hangoji debe la pili ndipo alione la kwanza. Basi sisi tumejifunza kwa nani?

Sitawaomba leo msimame. Kaeni kimya kidogo, kila mtu amtafute moyoni mtu mmoja aliyewahi kumletea kitu kwa mara ya kwanza, kidogo, mara moja tu, na hakurudi. Mkimpata, msiniambie mimi. Mkitoka hapa, kabla ya kwenda kula, nendeni kwake mkamwambie: kilifika.