Kinyozi Aliyeshitakiwa kwa Upara wa Mfalme

Hii wasomee wenye upara wote unaowapenda, na yule asiyevua kofia hata msibani mtumie mara mbili.

Mfalme Fumo hakuwahi kuvua kilemba mbele ya mtu ila kinyozi wake, Mshamu. Basi nywele za utosini zilipoanza kuhama, mchawi hakutafutwa mbali. Kichwa kilionwa na mmoja tu!

"Umeniroga!" mfalme akanguruma barazani, mama yake mzazi ameketi kando. "Kesho utoke nchini, wewe na wanao sita."

Mshamu akapiga magoti. "Mtukufu, mchawi gani anakwapua za utosini akaacha za kisogoni? Mimi ningebeba zote!"

Watu wakabana vicheko. Mfalme hakuwa na cha kubana.

"Basi ni nini?"

"Ni urithi, bwana wangu. Mwilini mna jeni, maagizo tunayopewa na mama na baba. Wengine tunarithi mashina ya nywele yasiyoistahimili homoni ya kiume, hii hii iliyokuotesha ndevu. Ya utosini husinyaa mwaka hadi mwaka, nywele zikawa kama manyoya ya kifaranga, kisha basi. Ya kisogoni hata hayaijali."

(Kinyozi aliyajulia wapi haya? Hadithi ni yangu, tulia.)

"Uongo! Baba yangu alizikwa na nywele zake zote."

"Nilitaja na mama pia, Mtukufu, si baba peke yake."

Macho yote yakamgeukia mama mfalme.

"Vua, mwanangu," mama akasema.

Mbele ya mama hakuna mfalme. Akavua.

Mama akainuka, akaweka kiganja juu ya utosi ule mtupu, akaangua kilio.

"Baba! Baba yangu huyu! Mwaka wa njaa alinibeba mabegani siku tatu, na njia nzima nilikishikilia kichwa hiki hiki. Alifariki hujazaliwa. Miaka arobaini naomba nimwone tena, kumbe wewe umemfunika kwa kitambaa!"

Mfalme akamwinua Mshamu kwa mikono yake mwenyewe.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuita mchawi, nawe umenikutanisha na babu yangu. Ahsante. Hamwendi popote, wewe na wanao."

Na mama? Chakula cha mchana kililetwa, kiganja bado kiko utosini, na mfalme anakula kwa adabu kama mtoto wa madrasa.

Funzo: Kabla hujamsaka aliyekunyang'anya, uliza kwanza aliyekurithisha, huenda unachokilia ni zawadi ambayo hujaishukuru.