Gauni la Marehemu Sesilia

Husimuliwa, na ajuaye zaidi ni Mola, kwamba hapo kale katika mji wa London aliishi mja mwema aitwaye Gilbati, mtoto wa mwoka mikate. Kazi yake ilikuwa kuigiza jukwaani, tena aliigiza wanawake. Msicheke! Kwa Waingereza wa zama hizo mwanamke kupanda jukwaani ilikuwa aibu, basi wanaume walinyoa ndevu, wakajipaka poda, wakawa malkia na mabibi harusi. Na magauni yao mengi yalikuwa ya mabibi waliofariki. Bibi akifa huwaachia watumishi nguo zake, lakini mtumishi hakuruhusiwa kuvaa hariri, basi huwauzia waigizaji.

Alasiri moja mchezo ulikwisha, watu wakatawanyika. Jumba lile la maigizo halikuwa na paa katikati. Mwanga ulishuka polepole, vumbi likielea ndani yake, na Gilbati akabaki amesimama humo na gauni lake la zambarau, hajui yuko ndotoni au yu macho. Mara akatokea Bi Margeri, bibi wa ukoo mkubwa, akitembea kama aliye usingizini. Akaushika mkono wa gauni.

"Sesilia, mwanangu," akasema. "Umerudi?"

Sesilia alikuwa bintiye. Waligombana wakanuniana, na tauni ikamchukua binti kabla hawajapatana.

"Nilikukosea," akasema yule mama. "Nipe radhi, mwanangu, nipate usingizi."

Loo! Mzazi kumwomba mtoto radhi! Gilbati akahisi machozi yanamlengalenga. Nyuma ya pazia mkuu wa waigizaji akamnong'oneza, "Mwambie umemsamehe! Akikasirika huyu, kesho tumefungiwa jumba na sote tunalala njaa. Kudanganya si ndiyo kazi yako?"

"Mimi huwadanganya wanaojua kwamba nadanganya," Gilbati akajibu. "Huyu hajui."

Akamwomba Mola amthibitishe ulimi, akapiga magoti mbele ya bibi.

"Niwie radhi, mama. Mimi siye. Mimi ni Gilbati, mwigizaji. Gauni ndilo lake, lakini msamaha wake ni amana yake mwenyewe, siwezi kukupa mali isiyo yangu. Ila nikiruhusiwa, nitakaa nawe tumwombee."

Bi Margeri akapitisha vidole shavuni pake, akahisi vishina vya ndevu chini ya poda. Mkuu wa waigizaji akafumba macho akingoja balaa. Lakini bibi akaketi palepale kwenye mbao za jukwaa, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya mazishi. Wakaomba dua pamoja, hata moyo wake ukatulia kidogo.

Kisha akauliza, "Na wewe, una mama?"

Gilbati akainamisha kichwa. "Ninaye. Hatusemezani tangu nilipoingia kazi hii."

"Yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi wafanya nini hapa kuomba dua nami? Inuka!"

Gilbati akatoka mbio na gauni lake na poda yake, watu wakimzomea njiani, naye hakujali. Mama yake alipofungua mlango, hakumtambua mpaka aliposikia, "Mama, nimekuja kuomba radhi."

Ndugu zangu, Bi Margeri angetoa utajiri wake wote apate mlango wa kubisha. Wangapi kati yetu tunao, na tunaupita kila siku?